Lodwar Hadi Kakuma ni Dakika Ishirini

Mpenzi msomaji, kama unayo ramani ya Kenya karibu nawe, ifungue kwanza kabla hatujaenda mbali. Tazama juu upande wa kushoto, kule ambako maandishi ni machache na rangi ya jangwa ni nyingi. Utaona Lodwar, mji ninaosomea, kando ya mto Turkwel. Sasa panda kidogo kama mtu anayeelekea Sudan Kusini, utaona Kakuma, mahali nilipolelewa na nyanya yangu mzaa baba. Kati ya miji hiyo miwili, kwenye ramani, pana nafasi ya ukucha tu. Insha hii ni juu ya ukucha huo, na jinsi ulivyonihadaa mchana kweupe.

Mambo yalianza mwaka jana nikiwa kidato cha pili, katika kipindi cha Jiografia baada ya mapumziko ya saa nne. Jua la Turkana nadhani mnalijua. Mabati yalikuwa yakilia ta! ta! kwa joto na nusu ya darasa ilikuwa inasinzia. Mwalimu wetu akaandika swali ubaoni: Je, kutoka uwanja wa ndege wa Lodwar hadi ule wa Kakuma ni kilomita ngapi, na ndege itachukua muda gani?

Wale wanaokaa nyuma walicheka, kwani hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda ndege. Ndege kwetu ni kitu cha kutazamwa kutoka chini, mkono ukiwa juu ya macho.

"Mwalimu, tupe swali la matatu," mmoja akasema.

"La matatu hata mimi jibu lake silijui," Mwalimu akajibu, na darasa zima likaangua kicheko. Usingizi ukatutoka.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ningependa uijue. Lodwar iko digrii 3 na dakika 7 kaskazini ya ikweta, na digrii 35 na dakika 37 mashariki. Kakuma iko digrii 3 na dakika 43 kaskazini, na digrii 34 na dakika 52 mashariki. Hizi ni takriban tu. Ukitoa, unapata tofauti ya dakika 36 kwenda kaskazini na dakika 45 kwenda magharibi. Dakika hizi si za saa, ni vipande vya digrii, na kila kimoja ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Mwalimu alitueleza kwamba sisi tuna bahati kwa kuwa tuko karibu na ikweta, maana huku dakika ya longitudo ina urefu karibu sawa na ile ya latitudo. Kule London dakika ya longitudo ni kama kilomita 1.15 tu, kwani kadiri unavyoelekea ncha ya dunia ndivyo mistari ile inavyokaribiana.

Basi tukachora pembetatu, tukamwita Pythagoras atusaidie. Mraba wa 36 ni 1,296 na mraba wa 45 ni 2,025. Jumla ni 3,321, na kipeuo chake ni kama 57.6. Hizo ni maili za baharini. Ukizigeuza kuwa kilomita unapata karibu 107. Ndege ndogo ya Cessna Caravan, zile zenye panga moja puani zinazotua katika viwanja vingi vya huku kaskazini, hukimbia takriban kilomita 340 kwa saa ikiwa imetulia hewani. Gawanya, zidisha kwa sitini, jibu ni dakika 19. Mwalimu alisema kupaa na kutua huongeza dakika chache, lakini sisi tuliandika 20 kwa urahisi.

Nilipata alama zote. Nilifurahi furaha isiyo kifani, nikaandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari langu: LODWAR HADI KAKUMA NI DAKIKA ISHIRINI.

Hapo ndipo nilipopotea.

Unajua, mimi nilikuja Lodwar kukaa na shangazi baada ya kumaliza shule ya msingi, kwa sababu shule yetu ni ya kutwa na mtu lazima awe na mahali pa kulala. Siku niliyoondoka Kakuma nyanya alinishika kichwa kwa mikono miwili akaniambia nisisahau njia. Nikamwambia siwezi kusahau. Mwaka wa kwanza nilienda kila likizo. Lakini baada ya hesabu ile, sijui niseme nini, Kakuma ilianza kuonekana karibu mno. Nyanya alipopiga simu kwa simu ya baba mdogo na kuuliza, "Utakuja lini?" mimi nilikuwa nacheka, "Nitakuja tu Nyanya, si Kakuma ni hapo!" Likizo ya Aprili nikabaki kwa masomo ya ziada. Ya Agosti nikamsaidia shangazi kuuza mikeka ya mikoma. Desemba nauli ilikuwa imepanda na nikasema mwaka mpya ukianza nitatafuta wikendi. Kitu kilicho hapo tu hakina haraka. Ningekuwa na nyanya Mombasa labda ningepanga safari mapema na kuiwekea pesa. Lakini wa dakika ishirini unampangia nini?

Mwaka huu, muhula wa kwanza, siku ya Alhamisi jioni, simu ya shangazi ililia. Alikuwa baba mdogo. Alisema Mama hali chakula siku ya tatu sasa, na anamwulizia msichana. Msichana ni mimi.

"Nenda kesho alfajiri," shangazi akaniambia.

"Kesho tuna mtihani wa Hisabati, shangazi. Nitaenda Jumamosi. Kakuma ni hapo tu."

Shangazi alinitazama kwa muda, halafu akaendelea kusuka mkeka wake. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilikuwa najipikia maumivu kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi nilirauka saa kumi na moja, giza likiwa bado. Nilitembea kwenye mchanga hadi stendi, kama nusu saa hivi, na saa kumi na mbili nilikuwa pale. Makanga akanipokea kwa shangwe.

"Binti, ingia! Tunatoka sasa hivi! Bado watu wawili!"

Nikaingia. Ndani mlikuwa na watu watano, nikafurahi. Baada ya muda watatu kati yao wakashuka wakaenda kunywa chai na hawakurudi. Kumbe walikuwa watu wa stendi waliokaa tu ili gari lionekane linajaa! Tukabaki watatu: mimi, mzee mmoja mwenye fimbo na kofia ya manyoya, na mama mmoja aliyebeba mtoto mgonjwa. Gari ni la watu kumi na wanne, nalo haliondoki mpaka lijae. Sikumlaumu dereva, maana mafuta hayanunuliwi kwa huruma. Lakini nilikuwa nachungulia dirishani kama mtu aliyekalia makaa.

Saa mbili ikapita. Saa tatu tulikuwa saba. Ndipo nikasikia muungurumo upande wa uwanja wa ndege, ambao hauko mbali na mjini. Ndege ikainuka juu ya nyumba, ikapita karibu na kile kilima chenye sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono, ikameremeta kwa jua. Nilitoa saa yangu. Nikajisemea: kama inaenda Kakuma, saa tatu na dakika ishirini itakuwa imetua, nami hapa bado nasubiri abiria saba.

Yule mzee akacheka aliponiona nikitazama saa. "Hiyo inaenda Nairobi, mjukuu wangu."

"Ya Kakuma inaondoka saa ngapi, babu?"

Alinieleza kwamba aliwahi kufanya kazi ya kupakua mizigo katika viwanja vyote viwili. "Mtu wa Lodwar akitaka ndege anapanda ya Nairobi," akasema. "Na wale wa Kakuma nao ndege zao zinatoka Nairobi. Nyingi ni za watu wa misaada. Mimi sijaona mtu akinunua tiketi ya hapa mpaka pale."

Nilikaa kimya nikapiga hesabu kichwani. Kutoka Lodwar hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 500. Kutoka Nairobi hadi Kakuma ni karibu 600. Yaani kumfikia nyanya kwa ndege ningesafiri kama kilomita 1,100, mara kumi ya zile 107 zangu, na ningekuwa na pesa ambazo ukoo wetu wote hauna. Zile dakika ishirini zilikuwa kwenye daftari, hazikuwa angani. Mbingu juu yetu ilikuwa wazi kabisa, haina hata wingu, lakini haikuwa na njia.

Sisemi kwamba viwanja vile havina faida, la hasha. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo ukijumlisha na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya laki mbili kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Ndege zimewaletea madaktari na wafanyakazi, na zimewachukua wengine kwenda kuanza maisha mapya ng'ambo. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukikimbia kwenda kuwapungia mikono. Wao walikuwa wanaanza safari ya nchi nyingi, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba miongoni mwao hakuna anayeshuka Lodwar.

Gari letu liliondoka saa tano kasoro dakika kumi. Barabara siku hizi ni ya lami, kama kilomita 120, kwa kuwa haiendi moja kwa moja kama rula. Tulivuka laga ya Kawalathe, tukaingia nyika. Huko ni mathenge na migunga, mbuzi wanaovuka bila kutazama, na ngamia wanaotazama bila kuvuka. Shangazi hunisimulia kwamba zamani barabara hii ilikuwa mashimo matupu, magari yakienda kwa msafara pamoja na askari kwa kuogopa majambazi, na ukifika siku hiyo hiyo unamshukuru Mungu. Kwa hiyo sina haki ya kulalamika.

Kwenye kizuizi askari alitaka vitambulisho. Mimi nina miaka kumi na sita, kitambulisho sina, nikaonyesha kadi ya shule. Mama mwenye mtoto alitoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imeanza kukatika. Ilikuwa ruhusa yake ya kutoka kambini kumpeleka mtoto hospitali Lodwar, kwani mkimbizi hasafiri hivi hivi bila kibali. Askari aliisoma, akamrudishia, akasema, "Pole, mama." Gari likaondoka. Yule mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba karatasi hiyo aliingoja kwa siku kadhaa. Basi ukiuliza yeye anaishi umbali gani na Lodwar, utamjibu kwa kilomita?

Tulifika Kakuma saa saba na robo. Nikapanda bodaboda, tukavuka mto Tarach ambao ulikuwa mchanga mtupu, mimi nikishuka kusukuma. Saa nane kamili nilikuwa nyumbani. Tangu kuamka kwangu zilikuwa saa tisa. Katika hizo, magurudumu ya matatu yalizunguka kwa muda usiozidi saa mbili na nusu.

Nyanya alikuwa amelala juu ya mkeka kivulini. Sikuamini macho yangu. Yule mwanamke aliyekuwa akibeba mtungi wa maji kichwani bila kuushika, sasa mikono yake ilikuwa kama vijiti vya kuwashia moto. Lakini macho yalikuwa yale yale.

"Umekuja na nini?" akaniuliza.

"Na matatu, Nyanya."

"Ulilala wapi njiani?"

"Sikulala. Nimetoka leo."

Akafurahi sana kwa hilo. Akanieleza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, kwamba kabla ya kumzaa baba alikwenda Lodwar kwa miguu pamoja na mama yake na punda wawili. Walitembea usiku nne na kulala mchana chini ya miti. Alizijua sehemu zote ambapo ukichimba mchanga wa laga unapata maji, na alinitajia moja moja mpaka akachoka. Nami, sijui kwa nini, labda nilitaka tu kumfurahisha, nikamwambia habari za hesabu yangu: kwamba kwa ndege ni dakika ishirini tu, muda wa kuchemsha chai.

Nyanya alicheka mpaka akakohoa.

"Na hiyo ndege yako," akasema, "ilikuacha wapi?"

Nilikosa jibu. Akanishika mkono.

"Mimi nilikuwa nakuhesabu kwa mwezi. Mwezi umekufa mara kumi na tatu."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetoa jibu la hesabu. Ndilo jambo lililoniumiza zaidi.

Usiku ule nilimnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko, vijiko saba. Jumapili tulikaa pamoja kutwa nzima. Aliniuliza juu ya shule, akaniimbisha nyimbo za watoto, mara nyingine akanichanganya na shangazi na kuniita jina lake. Jumapili usiku alilala, na Jumatatu kabla ya majogoo hatukuweza kumwamsha.

Methali ile kila mtu anaijua, kwamba majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume. Tuliifanyia mazoezi darasani mara nyingi na nilikuwa naijibu vizuri. Sikuwa nimefikiri kwamba mjukuu mwenyewe anaweza kuwa mimi. Nilipata siku moja na nusu na nyanya yangu, na namshukuru Mungu kwa hizo. Lakini kama si mtihani ule ningepata mbili na nusu, na kama si kalamu nyekundu ningepata likizo tatu.

Niliporudi shuleni Mwalimu wa Jiografia alinipa pole, halafu akaniuliza safari ilikuwaje. Nikamwambia nimepata jibu la lile swali la matatu. Aliniambia nilieleze darasa, nami nikaliandika ubaoni: kutembea hadi stendi, nusu saa, kungoja, karibu saa tano, kwenda, saa mbili na nusu. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akasema hata msafiri wa ndege hungoja, kwani lazima afike uwanjani mapema, apimwe mzigo na aketi. Akatupa mfano wa Madaktari Warukao, huduma iliyoanzishwa mwaka 1957 na daktari Michael Wood na wenzake Archibald McIndoe na Thomas Rees. Alisema faida yao si kasi ya ndege peke yake. Faida ni kwamba mgonjwa wa mbali hakungojeshwa mpaka viti vijae.

Tangu siku hiyo mimi naamini kwamba umbali una sehemu tatu. Ya kwanza ni njia yenyewe, na hiyo inapimwa kwa rula. Serikali ikitia lami, au ndege ikipaa, inapungua. Ya pili ni kungoja, na hiyo inategemea mfuko wako na karatasi zako. Ya tatu ni kule kusema "nitaenda tu, ni hapo". Hiyo ya tatu haina lami wala ndege, na ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote kati yangu na nyanya.

Ewe mwanafunzi mwenzangu mwenye nyanya Lokichoggio, au Kalokol, au Lokichar, wikendi hii uliza nauli ni ngapi. Hata kama huna, uliza tu, upate kujua. Mimi lile daftari bado ninalo. Maandishi mekundu sikuyafuta kwa sababu hesabu ile ni sahihi. Chini yake nimeongeza kwa kalamu nyeusi: miezi kumi na tatu.

Nami hapo naweka kalamu yangu chini.